Kupima Kazi za Nyumbani Zisizolipwa: Shajara ya Saa 24 kwa Ngazi ya Kata

Ukimuuliza mama kijijini "jana ulifanya kazi gani?", mara nyingi jibu ni: "Sikufanya kazi, nilishinda nyumbani tu." Mdadisi akiandika hivyo kwenye dodoso, saa za kuchota maji, kupika na kuuguza zimeshapotea, na hakuna mchanganuo utakaozirudisha. Kwa hiyo neno "kazi" lisitajwe kabisa. Anza na "Jana ulipoamka ulianza na nini?", kisha "Halafu?", mpaka siku iishe. Wala usiulize "kwa kawaida huwa unafanya nini", maana utajibiwa siku inavyopaswa kuwa badala ya ilivyokuwa.

Fomu ya shajara, yaani kumbukumbu ya alichofanya mtu siku nzima, ni jedwali la mistari 48, kila mstari nusu saa, kuanzia saa kumi alfajiri ya jana hadi saa kumi alfajiri ya leo. Safu ni tano: shughuli kuu, shughuli iliyokwenda sambamba nayo, ilifanyika kwa ajili ya nani, ililipwa au la, na wapi. Ukitumia saa nzima badala ya nusu, kufagia uwanja, kuwasha moto na kuosha vyombo vinamezwa na shughuli kubwa iliyo jirani.

Jihadhari na saa. Fomu zilizoigwa kutoka nje huandika 00:00 hadi 23:30. Mhojiwa anasema "saa nne", mdadisi aliyechoka anaandika 04:00, na kwenye takwimu wanawake wa kata nzima wanaonekana kisimani saa kumi alfajiri. Chapisha fomu kwa saa zetu, pamoja na asubuhi, mchana na usiku. Kompyuta itaongeza au kupunguza sita baadaye. Kwa asiyetazama saa, tumia alama za mahali: adhana ya alfajiri, kengele ya shule, basi la kwanza, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kila timu iandike orodha ya alama hizo kabla ya kuanza kijiji kipya.

Safu ya shughuli sambamba ndiyo inayotaka subira kuliko zote. Anayepalilia na mtoto mgongoni atataja kupalilia peke yake. Kila baada ya shughuli, uliza: "Wakati huo kulikuwa na jingine ulilokuwa ukilifanya?" Mwishoni mwa shajara rudi nyuma uulize, kwa kila kipindi cha mchana, nani alikuwa akimwangalia mtoto. Muda wa uangalizi huu utoe kwenye jedwali la peke yake. Ukiujumlisha na shughuli kuu, siku itakuwa na saa 30, na diwani wa kwanza atakayeona hilo hatasoma zaidi.

Sampuli: kaya 200 zinaweza kutosha picha ya kata, lakini ni afadhali vitongoji 20 vyenye kaya 10 kila kimoja kuliko vitano vyenye kaya 40, kwa sababu majirani wanaochota kisima kimoja wanafanana mno. Usihoji mume na mke tu. Orodhesha wote wenye miaka 12 na zaidi, kisha piga kura kumpata mwanamke au msichana mmoja na mwanaume au mvulana mmoja. Kwa aliye chini ya miaka 18, pata ridhaa ya mlezi na yake mwenyewe. Kwenye orodha hiyo ndipo utamkuta dada wa kazi, na yule mpwa aliyeletwa "asome mjini" ambaye ndiye anayepika. Wa kwanza analipwa, hivyo saa zake ni ajira. Wa pili halipwi. Safu ya malipo iwatenganishe.

Gawa mahojiano sawasawa kwa siku zote saba, gulio, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Matokeo ya kiangazi peke yake hayafai kuitwa ya mwaka, kwani masika hubadili safari za maji na za shamba. Kibali cha utafiti hutoka kwa tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, kisha barua za halmashauri au kaunti hadi kwa mtendaji wa kijiji au chifu. Wadadisi waende wawili, mwanamke na mwanaume, wakahoji kwa wakati mmoja sehemu mbili tofauti. Mume akikaa karibu, shajara ya mke hufupika.

Kabla ya kuchambua, hakiki kwamba kila shajara ina dakika 1,440. Yenye shughuli tatu au nne tu kwa siku nzima irudishwe uwandani. Kisha toa wastani wa aina mbili. Wanaume kumi, wawili kati yao wakichota maji saa moja moja: wastani wa wote ni dakika 12, wa wachotaji ni 60. Taja ni upi unaoutumia.

Kuna mtego katika ICATUS 2016, uainishaji wa kimataifa wa shughuli kwa takwimu za matumizi ya muda: kuchota maji na kuokota kuni kumewekwa kwenye uzalishaji wa bidhaa kwa matumizi ya kaya, wakati kiashiria 5.4.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinahesabu huduma za nyumbani na malezi. Ukiripoti kiashiria hicho peke yake, ndoo zote zimeachwa nje. Ripoti kiashiria hicho pamoja na saa za maji na kuni. Kuhusu kuzipa saa thamani ya fedha, kwa ngazi ya kata tunashauri uache: ukitumia ujira wa mwanamke mwenyewe, ambao mara nyingi ni mdogo, unarudia pengo lile lile unalolipima.

Mwisho wa mahojiano ongeza maswali matatu ya mila, yasichanganywe: wewe unaonaje mwanaume akichota maji, wanaume wangapi kati ya kumi hapa huchota, na wangapi kati ya kumi wanaona ni sawa. Mjini Riyadh, utafiti wa Leonardo Bursztyn na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta vijana wengi waliooa wanakubali wanawake wafanye kazi nje ya nyumba, huku wakidhani wenzao hawakubali. Jibu la kwanza na la tatu yakipishana hivyo, mkutano wa kijiji wa kuwasomea watu majibu yao wenyewe unaweza kufaa. Yakilingana kwa kukataa, bomba karibu na kaya litapunguza saa haraka zaidi kuliko semina.

Kwa Tanzania, mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti hukutana kuanzia Aprili, wakati halmashauri zimeshapanga bajeti zao. Peleka ukurasa mmoja mapema: saa kwa jinsi, kwa umri na kwa kitongoji, pamoja na jina la kila kitongoji ambacho safari moja ya maji inazidi nusu saa.