Somo: kushika asidi ya salfuriki labu (maabara) na kwenye betri, maji kwanza

Habari zenu. Juzi kuna mtu aliuliza namna ya kupunguza makali ya asidi kwa praktikali za S.4 (kidato cha nne) na majibu mengine aliyopewa yalinitoa jasho, basi nimeona nikae niandike yote mara moja. Mimi ni mtu wa labu kwenye shule moja huku Arua, Uganda, wikendi natengeneza betri za sola, kwa hiyo hii kitu naishika karibu kila siku. Huku tunasema tu asidi, wenzetu wa Tanzania watasema tindikali, ni ile ile.

Kwanza mjue mnashika nini. Ile ya labu, ya chupa ya lita 2.5, ni asilimia 98, nzito kama sharubati, lita moja ina kilo 1.84, yaani chupa moja ina kilo 4.6 za asidi bila kioo chenyewe. Ya betri imeshachanganywa na maji, asidi humo ni theluthi moja na kidogo, inachoma vilevile ila polepole. Shida ya ile kali ni kwamba ikiwa baridi haitoi moshi wala harufu ya kukushtua kama asidi ya naitriki, mtoto akiiona anadhani ni glisirini. Halafu inanyonya maji kwenye chochote inachokigusa, na ikikutana na maji inatoa joto jingi, kwa hiyo ngozi inaliwa na asidi na papo hapo inaungua kwa moto. Mimina kidogo kwenye sukari uone, sukari inageuka mkaa mweusi unaopanda juu ya bika (kile chombo cha kioo cha labu) kama mandazi.

Hatua ya 1: maji
Kabla ya chupa, kabla ya glavu, tafuta maji. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shule nyingine si hii, tone lilinidondokea kwenye kifundo cha mkono, nikakimbilia bomba, bomba kavu, maji yalikatika tangu asubuhi na hakuna aliyesema. Nikakimbia mpaka jikoni kwa wapishi wa posho (ugali) na mkono nimeunyoosha mbele kama mtu anayebeba yai. Kovu ninalo mpaka leo, dogo, lakini ninalo. Tangu hapo sifungui asidi mpaka nione jerikeni mbili za lita 20 zimejaa, vifuniko vimelegezwa, ziko ndani ya labu, si nje kwenye veranda. Na kikombe cha kuchotea kiwe juu yake.

Hatua ya 2: mavazi
Miwani ya labu inayofunga pembeni, hii ya kusomea haitoshi. Glavu ziwe za mpira mzito, zile nyembamba za hospitali asidi kali inazipenya haraka na unakuwa umeifungia ndani na mkono wako. Gambuti au kiatu cha kufunika, sapatu hapana, na suruali ivaliwe juu ya gambuti, usiichomeke ndani, la sivyo ikimwagika inateremka moja kwa moja mguuni.

Hatua ya 3: kubeba na kufungua
Usiinue chupa kwa shingo. Iweke kwenye ndoo ya plastiki, beba ndoo. Ukimaliza kumimina funga hapo hapo, maana asidi kali inavuta unyevu wa hewa, chupa ikisahaulika wazi wiki kadhaa, hasa msimu wa mvua, asidi inaongezeka ujazo mpaka inaweza kufurika yenyewe na utasema ni uchawi.

Hatua ya 4: kuchanganya
Hapa ndipo watu wanaumia. ASIDI NDIYO INAYOINGIA KWENYE MAJI, maji hayaingii kwenye asidi, hata kidogo, hata kama una haraka na mwalimu anakuita. Sababu yake ni nyepesi: maji ni mepesi karibu mara mbili kuliko asidi, ukiyamimina juu yanakaa juu, joto lote linatokea pale yanapogusana, yanachemka ghafla na kurukia usoni kwako yakibeba asidi. Ukianza na maji, asidi inazama na lile joto linagawanyika kwenye maji yote.

Tuseme unataka lita moja ya molari 2 (molari ni kipimo cha asidi ilivyokolea kwenye kila lita). Asidi ya asilimia 98 ni kama molari 18.4, kwa hiyo unahitaji mililita 109 hivi (ya molari 1 ni 54 na kidogo). Weka mililita 600 za maji baridi kwenye bika kubwa ya kioo kinachovumilia moto, bika ikae ndani ya beseni la maji baridi. Pima asidi kwa silinda kavu, isivutwe na pipeti kwa mdomo, nimeona mtu mzima akifanya hivyo nikakosa la kusema. Mimina kidogo kidogo ukikoroga kwa kijiti cha kioo, simama, gusa bika kwa nje, ikiwa moto subiri. Dakika kumi na tano si nyingi. Ikishapoa KABISA ndiyo uhamishe kwenye chupa ya kipimo na kujaza maji mpaka mstari wa lita. Ukijaza ikiwa moto, ikipoa itashuka chini ya mstari na taitresheni (ile praktikali ya kupima kwa kudondosha tone tone) ya darasa zima itakuwa uongo, halafu mtalaumu bureti, ule mrija wa kudondoshea.

Chupa za soda za plastiki zisitumike kuchanganyia, joto linazilegeza. Na kuweka asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, huo ni mtego wa kuua mtu.

Hatua ya 5: kuhifadhi
Chini, si rafu ya juu, kwenye trei ya plastiki, kabati lenye kufuli na daftari la nani katoa kiasi gani. Nchi hii tunajua watu wamemwagiwa asidi kwa wivu na ugomvi wa ardhi, mpaka ikatungwa sheria ya kemikali zenye sumu ya 2015, kwa hiyo kufuli si urembo. Isikae na soda kostiki, na zaidi ya yote isikae na pamanganeti kavu, zile chenga za zambarau za labu: asidi kali juu ya chengachenga za pamanganeti inatengeneza mafuta ya kijani yanayolipuka. Kwenye taitresheni mnazichanganya bila shida kwa sababu zote mbili zimeshapunguzwa na maji.

MASWALI

Mwalimu, Gulu: Ikimwagikia mtu, nianze na magadi kuua ile asidi?
Hapana mwalimu wangu. Maji tu, mengi, yanayotiririka, dakika 20 na zaidi, huku nguo, saa na pete vikitolewa. Usipoteze muda kutafuta kitambaa wala kitu kingine. Magadi kwenye ngozi yanaongeza joto. Dawa ya meno, mafuta, ute wa yai, asali, vyote hapana. Ya jicho, mshike kope ziwe wazi, maji yatoke upande wa pua kwenda nje yasiingie jicho la pili, halafu hospitali hata kama anasema amepona. Aliyemeza asitapishwe, asukutue mdomo na mkimbize.

Mama wa S.3, Mbale: Kijana wangu alirudi na sketi ya dada yake aliyoazima kufunika nguo labu, haikuwa na doa, nimefua ikawa chujio. Ni sabuni?
Si sabuni maama. Ni matone madogo ya asidi, hata ile iliyochanganywa, maji yake yanakauka na asidi inabaki inazidi kukolea kwenye pamba, nyuzi zinaoza kimyakimya, ukifua zinaachia. Aombe koti la labu, na dada alipwe sketi yake.

Fundi wa sola, Koboko: Mzee, betri ikishuka mimi naongeza asidi inapata nguvu. Unasemaje?
Nasema unaiua. Kwenye kuchaji kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani, kwa hiyo unaongeza maji ya betri yasiyo na chumvi. Pima na haidromita (kifaa cha kupima uzito wa asidi ya betri), ikiwa imechajiwa kabisa isome karibu 1.27. Na wakati wa kuchaji inatoa haidrojeni, kwa hiyo sigara, mshumaa na kiberiti vikae mbali, na tafadhali msilale nayo chumba kimoja madirisha yamefungwa.

Dada wa Jinja: Ya betri inang'arisha choo cha vigae, na nikichanganya na dawa ya klorini ya kufulia je?
DADA USITHUBUTU. Hapo unatengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo, inashika mapafu. Hata peke yake inakula simenti ya katikati ya vigae, kesho utaita fundi.

Mtu wa labu, Masaka: Iliyomwagika sakafuni tunaweka unga wa mbao, ni sawa?
Ile kali inaunguza mbao, inaweza kupata moto. Tumia mchanga mkavu, uzungushie kutoka nje kuja katikati, ndiyo sasa magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe, ukae upande upepo unakotoka.

Huyo huyo: Na jerikeni tupu ya asidi ya betri?
Ioshe mara tatu kwa maji mengi kisha itoboe kwa msumari. Ukiitupa nzima, wiki ijayo utaikuta sokoni imejaa mafuta ya kupikia.