Namna ya Kutunga Tangazo Dhidi ya Sigara Litakalomgusa Msichana

Kabla ya kuandika neno la kwanza, chunguza sigara imekwisha kumwahidi nini msichana unayemlenga. Mwaka 1929, mjini New York, Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma aliyekuwa akilipwa na kampuni ya sigara ya American Tobacco, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika gwaride la Pasaka, na sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Miaka hiyohiyo matangazo ya sigara za Lucky Strike yaliwahimiza wanawake wachukue sigara badala ya peremende, wasije wakanenepa. Ahadi ni hizo mbili, uhuru na wembamba, na ndizo utakazopambana nazo.

Kumwambia msichana wa miaka 17 kwamba huenda akapata saratani akifika 60 ni kusema kweli, ila miaka 60 kwake ni umri wa bibi yake. Afadhali umwonyeshe msichana mwenzake anayepapasa kiberiti kabla hajapiga mswaki, na anayewaacha wenzake katikati ya hadithi kwa kuwa nikotini imemwita; uhuru gani huo? Kampeni ya Truth ya kupinga sigara, iliyoanzia Florida, Marekani, mwaka 1998, haikuwakaripia vijana bali iliwafichulia hila za kampuni za sigara, hata kukataa sigara kukawa ndio ukaidi wenyewe.

Hofu itie kwa kipimo. Mwaka 1992 mtaalamu wa mawasiliano Kim Witte alieleza kwamba mtu akitishwa bila kuonyeshwa pa kutokea, hupambana na hofu yenyewe badala ya hatari: hugeuza uso, au husema tangazo limetiwa chumvi. Kwa hiyo namba ya simu ya msaada wa kuacha sigara ikae kwenye skrini kwa muda wa kutosha kunakiliwa.

Mfano ninaouheshimu ni wa Terrie Hall, mvutaji wa zamani aliyeugua saratani ya koo, aliyeonekana mwaka 2012 katika matangazo ya taasisi ya afya ya Marekani, CDC. Anajiandaa asubuhi kama mwanamke yeyote: anavaa meno ya bandia, kisha wigi, kisha anafunika kwa skafu tundu lililo kooni mwake. Hatukani wala halii.

Mikunjo ya ngozi na meno ya njano usiyategemee kupita kiasi, maana utakuwa umekubaliana na muuza sigara kwamba thamani ya msichana ni sura yake. Kutaja madhara ya sigara kwa ujauzito nako humfanya asiyewaza kuzaa aone hasemwi yeye.

Rasimu ikikamilika, waonyeshe wasichana kadhaa, kisha waombe wakusimulie upya walichokiona. Usiwaulize kama wamelipenda, kwani watakujibu kwa adabu tu.