Kuhesabu vijidudu vya hewani kwa fluoresensi, Tanga kwenye vumbi la mkonge

Njia hii ni ya kuvuta hewa kupitia kichujio, kutia rangi inayoshika DNA na kung'aa ikimulikwa (ndiyo fluoresensi), kisha kuhesabu chembe kwa hadubini. Inafaa kwa spora za kuvu na kwa bakteria walioshikamana na vumbi. Kinachosumbua Tanga ni mkonge. Nyuzi zake zina lignini, dutu inayokaza mimea, na lignini hung'aa yenyewe bila kutiwa rangi. Anayehesabu kila king'aacho karibu na banda la brashi, nyuzi zinaposuguliwa, ataandika mkonge akidhani ni kuvu.

Vifaa

Pampu mbili za volti 12 zenye mlango wa kuvuta na wa kutolea hewa. Vishikio vya vichujio vya milimita 25. Vichujio vyeusi vya polikaboneti vyenye matundu ya maikromita 0.4. Vyeupe usinunue, vinang'aa vyenyewe na kumeza chembe zote. Hadubini iwe na LED ya bluu ya nanomita 470 na kichujio cha macho kinachopitisha mwanga kuanzia nanomita 515 hivi. Ongeza tochi ya urujuanimno ya nanomita 365 pamoja na miwani ya kuukinga mwanga huo. Usiitazame tochi ikiwaka.

Hatua ya 1: rangi

Yeyusha miligramu 10 za akridini oranji katika mililita 100 za maji safi yasiyo na madini. Hiyo ni asilimia 0.01. Vaa glavu, kwa kuwa rangi inayoshika DNA ya kijidudu haichagui, itashika na yako. Kisha chuja kwa kichujio cha bomba la sindano cha maikromita 0.2. Kuchemsha maji hakutoshi hapa: bakteria aliyekufa bado ana DNA, naye atang'aa kama aliye hai. Chupa ifunikwe kwa karatasi ya alumini (foili), ikae kwenye friji.

Hatua ya 2: kuvuta hewa

Weka pampu kando kwa kando, kimo cha pua ya mtu aliyesimama. Pima mtiririko kichujio kikiwa tayari kimefungwa: jaza maji chupa ya lita 1, igeuze kwenye beseni la maji, elekeza hewa inayotoka ndani yake. Ikijaa hewa kwa sekunde 30, una lita 2 kwa dakika. Pima tena mwishoni na utumie wastani. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, vumbi limeziba matundu. Rudia kwa muda mfupi zaidi.

Ufuoni Raskazone dakika 60 ni sawa. Ndani ya banda la brashi anza na dakika 5, la sivyo chembe zitalaliana na hutaweza kuzihesabu. Chukua kila siku saa ileile, maana upepo wa bahari ukianza kuvuma hewa hubadilika.

Kichujio cha tatu kibebe, kifungue na kukifunga palepale, lakini usikivutie hewa. Huyo ndiye shahidi wako, wa kuonyesha chembe zisizotoka kwenye hewa uliyovuta.

Hatua ya 3: tazama kabla ya rangi

Kichujio cha pampu ya pili usikitie rangi kabisa. Kimulike kwa tochi ya nanomita 365. Nyuzi za mkonge huonekana ndefu, zenye mng'aro wa bluu hafifu, na vipande vyake vilivyovunjika vina kingo zilizonyooka au zenye meno. Uzi wa bluu kali sana mara nyingi ni wa shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye kung'arisha. Spora ni duara au yai, nyingi maikromita 2 hadi 10, na ukuta wake una ukingo laini.

Idadi ya ving'aavyo hivi usiipunguze kwenye hesabu ya mwisho, kwa sababu baadhi ya spora na chavua nazo hung'aa zenyewe, utajikuta umezifuta. Jifunze maumbo tu, kisha uyatumie kukataa vipande vya mkonge.

Hatua ya 4: rangi na hesabu

Mimina mililita 1 ya rangi juu ya kichujio cha pampu ya kwanza, subiri dakika 3, vuta rangi ipite, suuza kwa mililita 2 za maji yaliyochujwa. Chumvi ya bahari huyeyuka na kwenda zake hapa. Weka kwenye slaidi, tone la mafuta yasiyong'aa, kifuniko. Fanya vivyo hivyo kwa shahidi.

Tazama kwa lenzi ya 40. Piga picha mara unapofungua mwanga, kwani rangi hufifia upesi. Hesabu maeneo 40 uliyoyachagua bila kutafuta penye chembe nyingi.

Mfano: chembe 20 kwenye maeneo 40 ni 0.5 kwa eneo. Shahidi ana 0.1, inabaki 0.4. Duara la kichujio lenye kipenyo cha milimita 20 lina milimita za mraba 314, na eneo la kuonea lenye kipenyo cha milimita 0.45 lina milimita za mraba 0.159, yaani kichujio kina maeneo 1,975. Zidisha: 790. Hewa ilikuwa lita 120, sawa na mita za ujazo 0.12. Jibu ni chembe kama 6,600 kwa mita ya ujazo. Kwa kuhesabu chembe 20 tu, kosa la bahati pekee linapita asilimia 20, hivyo ongeza maeneo. Na usiandike "hai": rangi hii haitofautishi aliye hai na mfu.

Shahidi akizidi robo ya sampuli, mwaga rangi, badilisha maji na uanze upya.