Somo: Seramu mbili za vitamini C, ya bei ya kodi ya chumba na ya bei ya kitenge

Dada mmoja wa kikundi chetu alituma picha ya chupa mbili za seramu (kimiminika cha kupaka usoni): C E Ferulic ya SkinCeuticals, na seramu ya Timeless ambayo jina lake linataja vitamini C asilimia 20, vitamini E na asidi ya feruliki. Swali lake lilikuwa fupi: "Kama ndani mna vitu vilevile, kwa nini moja ni bei ya kodi ya chumba na nyingine ni bei ya kitenge?" Kule Marekani zinakotoka, ya kwanza inauzwa zaidi ya dola 150 kwa mililita 30, ya pili chini ya dola 30. Zote mbili nimezitumia (ya ghali nilizawadiwa, msinitolee macho), kwa hiyo tuzisome pamoja.

Majina ya viambato nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya kigeni, lakini ukiyatamka utayatambua.

Hatua ya 1: Geuza boksi

Mbele ya boksi ni tangazo. Orodha iko nyuma au ubavuni, kwa maandishi ya kuhitaji miwani ya bibi. Piga picha kwa simu halafu ikuze. Soma boksi ulilolishika wewe, si picha ya mtandaoni ya miaka mitatu iliyopita, maana kampuni hubadilisha mchanganyiko bila kumpa mtu taarifa. Hata chupa ya Ulaya na ya Marekani zenye jina moja zinaweza kutofautiana.

Hatua ya 2: Panga foleni mbili kwenye karatasi

Lebo za Marekani nilizozisoma mimi zilikwenda hivi.

SkinCeuticals: maji, ethoksidiglikoli, asidi ya askobiki, gliserini, propilini glaikoli, lorethi-23, fenoksiethanoli, tokoferoli, triethanolamini, asidi ya feruliki, panthenoli, hailuronati ya sodiamu.

Timeless: maji, ethoksidiglikoli, asidi ya askobiki, propilini glaikoli, tokoferoli, polisobeti 80, panthenoli, asidi ya feruliki, hailuronati ya sodiamu, pombe ya benzili, asidi ya dihaidroasetiki.

Sasa piga mstari chini ya kila jina linalopatikana kote kuwili. Utapiga mistari minane. Asidi ya askobiki ndiyo vitamini C yenyewe, ile halisi. Tokoferoli ni vitamini E. Feruliki ni asidi ya mimea inayozisaidia hizo mbili. Hakuna manukato popote, ndiyo maana zote zina harufu ya ajabu kidogo, kama maji yaliyochemshiwa soseji. Ukiisikia usidhani umeuziwa iliyooza.

Hatua ya 3: Tafuta mpaka wa asilimia moja

Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Kanuni za Marekani na za Umoja wa Ulaya zinataka viambato viandikwe kuanzia kilicho kingi kushuka hadi kilicho kidogo. Ila sharti hilo linaishia kwenye asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anavipanga apendavyo, na ndipo dondoo la ua la mlimani linapopandishwa cheo likakaa mbele ya vitu vya maana.

Utaujuaje mpaka wakati haukuchorwa? Tafuta fenoksiethanoli. Ni kihifadhi cha kuzuia bakteria, na Ulaya imekiwekea kikomo cha asilimia 1. Kwa hiyo ukikiona, jua kilichoandikwa baada yake kwa kawaida hakizidi hapo.

Kwenye SkinCeuticals, vitamini E na feruliki ziko nyuma ya fenoksiethanoli. Mtu aliyejifunza kanuni hii jana atasema ameibiwa. Hapana. Vitamini E humo ni asilimia 1 na feruliki ni nusu asilimia, na hivyo ndivyo vipimo vilivyopimwa maabara. Mwaka 2005 timu ya Dkt. Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke ilichapisha kwamba vitamini C asilimia 15 pamoja na E asilimia 1 iliikinga ngozi na madhara ya jua kwa takriban mara nne, na ilipoongezwa feruliki nusu asilimia kinga ikafika takriban mara nane. Ngozi yenyewe ilikuwa ya nguruwe, kwa kuwa inafanana na yetu kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa hiyo mpaka unakusaidia kukadiria kiasi, haukuambii kama kinatosha. Kuna vitu hufanya kazi kwa tone: retinoli (aina ya vitamini A) ya usoni Ulaya imewekewa kikomo cha asilimia 0.3 tu. Gliserini ya asilimia 0.3, kwa upande mwingine, haikusaidii kitu cha maana.

Hatua ya 4: Tenganisha watenda kazi na wasindikizaji

Watenda kazi kwa ngozi inayozeeka hapa ni watatu: C, E na feruliki. Panthenoli na hailuronati zinashika maji ili uso usikaze. Ethoksidiglikoli na propilini glaikoli ni vimiminika vya kuyeyushia, lorethi na polisobeti kazi yao ni kuyapatanisha mafuta ya vitamini E na maji.

Tofauti za kweli ni hizi. Ya ghali ina gliserini, nyingine haina. Vihifadhi vimeachana, pombe ya benzili huwasumbua baadhi ya watu wenye mzio, kwa hiyo kama ulishawahi kuwashwa nayo, chaguo lako limeshafanyika. Moja ina asilimia 15 ya vitamini C, nyingine 20. Na usikimbilie 20 kama unayenunua mkaa. Utafiti wa Pinnell huyohuyo wa mwaka 2001 ulionyesha vitamini C ndani ya ngozi ikipanda kadiri mchanganyiko unavyokolea, ikafika kileleni kwenye asilimia 20, kisha ikaanza kushuka. Asilimia 30 ni kuwashwa kwa hiari.

Hatua ya 5: Uliza ambacho lebo haisemi

Kwanza, ukali wa asidi. Hupimwa kwa pH: namba ikishuka, ukali unapanda. Vitamini C ya aina hii hupenya ngozi vizuri pH ikiwa chini ya 3.5. Lebo haikuandikii. SkinCeuticals wametia triethanolamini, ambayo kazi yake ni kurekebisha pH. Kwenye boksi langu la Timeless sikuiona. Vijikaratasi vya kupimia pH vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na tone moja linatosha kukupa makadirio.

Pili, umri wa chupa na ilikolala. Vitamini C inaharibiwa na hewa, mwanga na joto, na sisi joto tunalo la kugawa. Mimi niliwahi kununua chupa iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa jua la saa nane. Nilipoifungua ilikuwa rangi ya asali ya nyuki wadogo. Orodha ya viambato ilikuwa safi kabisa, lakini kilichokuwa kimeandikwa hakikuwemo tena.

Ndiyo maana jibu langu kwa dada ni hili: kama zote ni mbichi, nunua ya bei nafuu. Ngozi yako ikiwa nyepesi kuchubuka, tafuta ya asilimia 15 au 10. Bei kali inalipia utafiti na jina, na sina ugomvi nayo, ila chupa ya dola 150 iliyosafiri miezi mitano kwenye mabegi imeshashindwa na ya dola 25 iliyofika wiki jana.

Hatua ya 6: Hesabu matone

Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo chupa ya mililita 30 ina matone 600 hivi. Ukitumia matano kila asubuhi, utakaa nayo siku 120. Ni ndefu mno kwa kitu ambacho ukishakifungua unapaswa kukimaliza ndani ya miezi mitatu hivi. Paka na shingo, au mgawie mdogo wako.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo dada. Yangu imekuwa rangi ya chai ya rangi. Niimalizie tu?*

Marahaba mdogo wangu. Unjano mwepesi hauna neno. Ikifika rangi ya chai, vitamini C nyingi imeshaharibika, na hicho kilichobaki kinaweza kukupaka uso rangi. Usiimalizie. Inayofuata iweke kwenye friji, na kifuniko ukikaze.

*Hapa Mombasa ndimu ni tele. Kwani nikijikamulia usoni si ni vitamini C tu?*

Mililita 100 za maji ya ndimu au limau zina vitamini C kama miligramu 30 hadi 50. Hiyo haizidi asilimia 0.05, wakati chupa hizi zina 15 na 20. Ubaya zaidi, ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi, malengelenge kabisa, na madoa yake hukaa miezi. Ndimu iende kwenye samaki.

*Nina ujauzito wa miezi minne. Niache?*

Vitamini C ya kupaka haina shida. Zinazoachwa wakati wa ujauzito ni za jamii ya retinoli, kwa hiyo kagua lebo za krimu zako za usiku, na umwonyeshe mhudumu wako wa kliniki.

*Kuna seramu ya "vitamini C ya kung'arisha" elfu tano, boksi halina orodha ya viambato. Inafaa?*

Bila orodha hakuna somo, mpendwa. Haidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa ili kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na anayezitia hawezi kukuandikia. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), waulize wao.

*Mimi ni mwanaume, naendesha lori Dar–Tunduma. Haya mambo yananihusu?*

Kaka, unahusika kuliko sisi wote. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya Mmarekani wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo miaka 28. Shavu la kushoto, upande wa dirisha, lilikuwa na makunyanzi mazito. La kulia lilionekana la mtu mwingine kabisa. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayounguza, lakini hupitisha ile inayozeesha. Kwetu usukani uko kulia, basi anza na shavu hilo. Nunua sanskrini (krimu ya kukinga jua) kwanza, na seramu ukibakiwa na hela. Huko Australia, waliopaka sanskrini kila siku kwa miaka minne na nusu walionekana kuzeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu ya waliopaka kwa kujisikia.

*Na hiyo seramu naweza kuiweka kwenye dashibodi?*

Hapana kaka. Iache nyumbani kwenye friji, nyuma ya maziwa. Ukikaa safarini siku tatu bila kuipaka hujapoteza yote, kwa sababu iliyokwishaingia kwenye ngozi hupungua hadi nusu baada ya siku nne hivi.