Kuchagua na kuchanganya dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe

Kama ndo unaanza kusafisha filamu mwenyewe chukua D-76, dawa ya Kodak, zingine utazijaribu baadae. Inakupa chembe (zile punje ndogondogo kwenye picha) za wastani na vivuli vizuri karibu kwa filamu yoyote. Rodinal, dawa nyingine ya maji, nayo naipenda sana, ipo tangu 1891, inakaa miaka chupani hata ikishakuwa nyeusi kama kahawa, so inamfaa anayesafisha roli moja moja kwa nadra, ila kwenye filamu ya ISO 400 (inayohisi mwanga haraka) chembe zinaonekana wazi.

Ukitaka kuchanganya D-76 toka mwanzo, chukua maji 750 ml ya nyuzi kama 50, tia kwanza sodiamu salfaiti kidogo tu, ya kubana kwa vidole, halafu metoli (kemikali inayotoa picha) gramu 2, koroga mpaka iyeyuke yote, ndo umalizie sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni (nayo inatoa picha) gramu 5 na boraksi gramu 2, ongeza maji ifike lita. Huo mpangilio usiugeuze jamani, salfaiti ikijaa kwanza metoli inagoma kuyeyuka, na bila salfaiti kabisa inaharibika na hewa. Koroga taratibu usipige povu. Vaa glavu, metoli inawasha ngozi.

Iache ilale usiku mmoja, kwenye chupa iliyojaa mpaka shingoni. Siku ya kazi changanya dawa hiyo 250 ml na maji 250 ml, nyuzi 20 kamili (joto la pwani weka chupa kwenye beseni la barafu), filamu ya Tri-X (ya Kodak, ISO 400) isafishe dakika 9 na sekunde 45, ukimaliza mwaga dawa hiyo.