Kupitisha injini za mvuke za modeli kwenye kona kali za reli ya nyumbani

Mtu wa Tabora akiamua kujenga reli ya modeli chumbani kwake, mara nyingi havutiwi na injini ndogo ya kupangia mabehewa stesheni. Anazitaka zile kubwa, kwa sababu mji wake ni njia panda ya Reli ya Kati: reli ilifika hapa mwaka 1912 ikitokea Dar es Salaam, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Anaitaka injini ya daraja la 30 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, yenye magurudumu mawili ya kuongoza mbele, manane makubwa ya kuendesha na manne nyuma, kama ile namba 3020 iitwayo Nyaturu iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Au anaitaka Garratt, ile injini yenye makundi mawili ya magurudumu na boila katikati. Injini hizo ni ndefu, na chumba ni kifupi. Kona yenye nusukipenyo cha milimita 457, ambayo ni ya kawaida kwa wanaoanza na kipimo cha HO (modeli iliyopunguzwa mara 87), ikikuzwa mara hizo 87 inakuwa kona ya mita 40 hivi, yaani kali mno kwa injini yoyote kubwa ya njia kuu.

Hata hivyo injini hiyo inaweza kupitishwa, na ipite vizuri. Wengi huutazama ukali wa kona peke yake, ilhali mahali ambapo injini huacha reli mara nyingi ni pale kona inapoanza, au penye kiungo cha reli, na si katikati ya kona. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu namna ya kuingia konani.

Tuanze na meza. Karatasi ya plaiwudi inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ina futi nne kwa nane, yaani milimita 1220 kwa 2440. Ukitaka treni igeuke nusu duara ndani ya upana huo, nusu yake ni milimita 610, na lazima ubakize ukingo wa kutosha ili injini isining'inie nje ya meza. Ninapendekeza nusukipenyo cha milimita 540, kipimo kikichukuliwa katikati ya reli mbili na si kwenye reli ya nje. Upana huohuo unaweza kubeba njia mbili za seti ya OO (kipimo kilicho karibu na HO kinachotumia reli za upana uleule), yenye nusukipenyo cha milimita 438 ndani na 505 nje, na kishawishi cha kuweka njia mbili ni kikubwa kwa sababu treni mbili zinazopishana hupendeza macho. Mwenye injini ndefu za mvuke akiepuke kishawishi hicho. Njia moja ambayo injini inaizunguka kwa utulivu ina thamani kuliko njia mbili zinazokulazimisha kusimama kando ya meza muda wote ukirudisha magurudumu relini.

Kabla ya kukata chochote, ipime injini yenyewe. Ilaze chali juu ya taulo iliyokunjwa, kisha upime kwa rula umbali kutoka ekseli ya kwanza ya magurudumu ya kuendesha hadi ya mwisho. Tuseme umepata milimita 48. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha ugawanye kwa nusukipenyo kilichozidishwa kwa nane: unapata kiasi ambacho reli inapinda na kuiacha katikati ya fremu iliyonyooka. Kwa kona ya 540 jibu ni milimita 0.53, kwa kona ya 438 ni 0.66, kwa ile ya 371, ambayo ndiyo kali kuliko zote katika seti za Hornby, watengenezaji wa modeli wa Uingereza, ni 0.78. Sasa shika magurudumu ya kati kwa vidole viwili na uyasukume kushoto na kulia. Yakicheza kiasi hicho au zaidi, injini ina uwezo wa kupita. Yasipocheza kabisa, angalia kama watengenezaji wameyaacha bila flanji, ule ukingo wa ndani wa gurudumu unaolishikilia relini; ekseli ya kati isiyo na flanji hukanyaga reli tu bila kubanwa nayo, na hiyo ni njia halali ambayo hata injini halisi zimeitumia. Kama flanji zipo na nafasi haipo, usiishike tupa na kuanza kusaga. Tafuta kwanza kona pana zaidi.

Ukiwa bado umeilaza chali, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu katika kila ekseli. Kwa OO wengi hutumia milimita 14.5, lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba ekseli zote zilingane. Gurudumu moja likiwa limesogea ndani au nje, injini itapita vizuri kwenye njia iliyonyooka na kukuangusha konani, nawe utailaumu reli isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye mwingilio wa kona. Reli ya seti hupinda ghafla: hapa imenyooka, na hatua moja mbele imeshika ukali wake wote. Injini yenye fremu ndefu hugongwa pembeni papo hapo, gurudumu la mbele linapanda reli ya nje, na mengine yanalifuata. Dawa yake ni kuifanya njia ipinde kidogo kidogo hadi ifikie ukali kamili, jambo ambalo wajenzi wa reli halisi hulifanya kwa hesabu na wewe unaweza kulifanya kwa ufito mwembamba wa mbao.

Chora kwanza duara lako la milimita 540 kwa uzi na penseli. Kisha chora mstari wa njia iliyonyooka, lakini usiuache uguse duara. Usogeze nje kwa milimita 9. Pale ambapo mstari na duara vingegusana, pima milimita 175 kurudi nyuma kwenye mstari na milimita 175 kwenda mbele kwenye duara. Chukua ufito ulionyooka usio na kifundo, ubane kwa misumari midogo kwenye mstari, kisha uupinde taratibu hadi ulale juu ya duara kwenye alama ya pili. Mbao yenyewe itachagua mpindo. Pitisha penseli ubavuni mwake, na huo ndio mstari wa kati wa reli yako. Kipande hicho cha milimita 350 ndicho kinachobadilisha tabia ya injini: badala ya kupigwa na kona, inaongozwa kuingia ndani yake. Upana unaoupoteza ni milimita 9 kila upande, na ukingo wa meza unabaki milimita 61.

Kwa mpindo wa namna hii unahitaji reli inayopindika, ile inayouzwa kwa urefu wa milimita 914, kwa sababu vipande vya seti vimekwisha kupindwa kiwandani. Nusu duara la 540 lina urefu wa takriban milimita 1700, kwa hiyo reli mbili zitahitajika na kiungo kitaangukia konani. Usizipinde kwanza na kuziunga baadaye. Ziunge zikiwa zimenyooka juu ya meza, pitisha solda kwenye vibanio vya kuungia reli vya pande zote mbili, laini solda iliyobaki ubavu wa ndani kwa tupa ndogo, ndipo uzipinde kama reli moja. Ukiziunga zikiwa zimepinda, ncha hutaka kunyooka na kutengeneza pembe ndogo ambayo jicho halioni lakini ekseli ya mbele inaiona. Ili uione na wewe, inamisha kichwa hadi jicho liwe usawa wa reli na utazame kwa urefu wake. Pembe hujitokeza mara moja.

Unapopinda, reli ya ndani itachomoza zaidi ya ile ya nje. Katika nusu duara ziada hiyo ni karibu milimita 52 kwa njia yenye milimita 16.5 kati ya reli mbili, kama ya HO na OO, iwe kona ni pana au kali, kwa hiyo acha kukata ncha hadi njia yote iwe imelazwa. Pima pia upana wa njia baada ya kupinda, kwa maana mataruma ya plastiki huweza kubana reli zikipindwa sana. Njia iliyopanuka kwa milimita 0.2 konani haina madhara, ila njia iliyobana huinyanyua injini.

Kuhusu kona mbili zinazopingana, moja ya kushoto na nyingine ya kulia, neno ni moja: weka kati yake njia iliyonyooka yenye urefu usiopungua gari lako refu kuliko yote. Pasipo hivyo, viunganishi vya mabehewa huvutana pande tofauti kwa wakati mmoja.

Baada ya njia, rudi kwa injini, na mahali pa kuanzia ni magurudumu madogo ya kuongoza. Haya ni mepesi, hayabebi uzito wa injini, na ndiyo ya kwanza kuacha reli. Yasukume kwa kidole hadi mwisho wa mzunguko wake kila upande na utazame yanagusa wapi. Mara nyingi hugonga nyuma ya silinda au ngazi ndogo za mbele, na kama vipande hivyo ni vya chuma, mguso huo huleta shoti. Zima taa usiku, ipitishe injini konani polepole, na cheche ndogo ya buluu itakuonyesha mahali penyewe. Ngazi inaweza kukunjwa nje kidogo au kuondolewa. Watengenezaji wengi huziacha ziwe za hiari kwa sababu hiyohiyo. Magurudumu yakizunguka bila kizuizi na bado yanaruka, yaongezee uzito. Chubwi ndogo za risasi ambazo wavuvi wa Kigoma hufunga kwenye nyavu zinafaa sana: ipigepige moja iwe bapa, uibandike kwa gundi juu ya kitako cha magurudumu hayo, kisha unawe mikono vizuri.

Tenda, lile behewa la makaa na maji linalofuata injini, nalo lina mambo yake. Kadiri linavyosogezwa karibu na kibanda cha dereva ndivyo treni inavyopendeza, na ndivyo pembe zake zinavyogonga kibanda konani. Kata kipande cha karatasi, kiweke kwenye uwazi uliopo upande wa ndani wa kona, na uisukume injini kwa mkono bila umeme. Karatasi ikibanwa isitoke, hamishia fimbo ya kuunganishia kwenye tundu la nyuma. Angalia pia nyaya zinazopita kati ya injini na tenda, kwa kuwa waya mgumu una nguvu ya kutosha kulinyanyua gurudumu la tenda.

Garratt inastahili maelezo ya peke yake. Herbert William Garratt aliigawa injini sehemu mbili za magurudumu, boila ikaning'inia kati yake kwenye fremu inayozunguka juu ya egemeo kila upande, na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kikazijenga kwa wingi. Zile za daraja la 59 za Afrika Mashariki, zilizotengenezwa 34 katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na urefu unaozidi mita 31, lakini kila kundi la magurudumu lilipinda kivyake. Ndiyo sababu modeli ya Garratt inaweza kupita mahali ambapo injini fupi yenye fremu moja inakwama. Gharama yake iko kwenye nafasi ya pembeni. Ikiwa umbali kati ya maegemeo mawili ni milimita 190, kwenye kona ya 540 tumbo la boila litaingia ndani kwa zaidi ya milimita 8, na matangi ya mbele na nyuma yatatoka nje. Kabla ya kugundisha jengo la stesheni au mwembe wa modeli karibu na kona, funga penseli ubavuni mwa injini na uizungushe. Mstari utakaochorwa mezani ndio mpaka.

Kwa mabehewa, gawanya nusukipenyo kwa mbili na nusu: behewa lisilozidi urefu huo kwa kawaida hupita bila matatizo. Kwa kona ya 540 ni milimita 216. Mazito yawe karibu na injini na mepesi nyuma, kwa sababu treni ndefu inapovutwa konani huelekea kunyooka, na behewa jepesi lililo mbele ndilo linalolazwa upande wa ndani. Usiweke mwinuko konani kama unaweza kuuepuka, kwa maana msuguano wa flanji peke yake umekwisha kuila nguvu ya injini.

Hali ya hewa ya Tabora nayo ihesabiwe. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu na vumbi ni jingi, kisha mvua zinakuja na plaiwudi inanyonya unyevu. Ipake rangi pande zote mbili na kwenye kingo kabla ya kulaza reli. Acha pengo dogo kwenye viungo vya njia iliyonyooka, lisiwe konani, maana reli ya mita tatu hurefuka kwa karibu milimita moja joto likipanda nyuzi 20. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, na msasa ukae mbali, kwa kuwa mikwaruzo yake hukusanya uchafu upya.

Jaribu kila kitu kabla ya kumwaga kokoto na gundi. Ipitishe injini peke yake kwa mwendo wa chini kabisa, mbele na nyuma, kisha ikivuta mabehewa, na mwisho ikiyasukuma kinyumenyume kuingia konani, ambalo ndilo jaribio gumu kuliko yote. Inapoacha reli, usiinyanyue haraka. Tia alama ya penseli kwenye taruma ambapo gurudumu la kwanza limetoka, uirudishe, na urudie. Alama zikirundikana mahali pamoja, kosa liko kwenye njia; zikitawanyika kila upande wa meza, kosa liko kwenye injini, na hapo irudishe chali juu ya taulo.