Honi ya boti ndogo: kuifunga, kuitunza na kuipiga

Ukitoka Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, alfajiri kwenda vijiji vya kaskazini, unapishana na mitumbwi ya dagaa inayorudi, mingine imeshazima taa. Hapo honi si pambo. Maelezo haya ni ya honi ya umeme ya volti 12.

1. Kuifunga. Iweke juu, mdomo uelekee mbele na uiname kidogo ili maji yachuruzike. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri. Boti ya mbao au faiba haina bodi ya chuma kama gari, kwa hiyo hata upande wa hasi (−) unataka waya wake hadi kwenye betri.

2. Kuitunza. Honi nyingi ninazoletewa kwamba zimekufa bado ni nzima. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu unatosha kuotesha ule unga wa kijani kwenye vichwa vya waya. Chomoa, piga msasa laini mpaka shaba ing'ae, rudisha na upake grisi juu.

Bado inakoroma? Weka mita ya volti kwenye ncha mbili za honi huku mwenzako akibonyeza. Kama betri inasoma 12.4 na honi inasoma 10, umeme unapotea njiani: angalia swichi, maungio na unene wa waya. Kama umeme unafika vizuri, tafuta skrubu ndogo ya kurekebishia mgongoni mwa honi, kama ipo. Izungushe robo tu, bonyeza, sikiliza. Ukiikaza kwa pupa unakibana kiwambo (kile kibati chembamba cha ndani kinachotetemeka) na sauti inakatika kabisa.

3. Kuipiga. Mimi nafuata kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za 1972. Mlio mfupi ni kama sekunde 1, mrefu ni sekunde 4 hadi 6. Mmoja mfupi: nakata kulia. Miwili: kushoto. Mitatu: mashine inasukuma kinyumenyume. Mitano au zaidi, ya harakaharaka: sikuelewi, angalia! Kwenye ukungu au mvua nzito ukiwa unatembea, piga mmoja mrefu angalau kila dakika 2. Wavuvi wengi hawaijui milio hii, kwa hiyo punguza mwendo kwanza, tena mapema.

Jaribu honi kila safari kabla hujang'oa nanga. Na nahodha afunge filimbi ya plastiki kwenye jaketi lake la kuokolea, maana betri ikilowa honi haitalia.